Nyumba Niliyowaonyesha Wakwe Likunja

Jamani, hili jambo nikilikumbuka mpaka leo najifunika shuka usoni, hata nikiwa peke yangu chumbani, maana aibu niliyoipata kijijini Likunja kwa wakwe zangu sijui kama kuna mwanaume mwingine wa Nachingwea amewahi kuipata.

Mimi ni fundi pikipiki, na kazi ikipungua gereji nilikuwa nashinda na gemu moja ya kwenye simu, ile ya kupanga vitofali unajenga chochote unachotaka. Nilikuwa nimejenga nyumba, nyie! Ghorofa, madirisha ya vioo, baraza, maua mpaka getini, na nilikuwa naijenga huku namfikiria mchumba wangu Mwanahawa (yeye nilikuwa sijamwonyesha, nilitaka kwanza nimalize paa).

Siku ya kujitambulisha kwao nikaenda na baba mdogo. Mambo yalianza vizuri, tukakaribishwa mkekani, salamu zikapita, pilau inanukia huko nyuma, mpaka mjomba wake Mwanahawa, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho pale, akakohoa akaniuliza, "Kijana, binti yetu utamweka wapi?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: nina kiwanja Naipingo, hakijaguswa hata na jembe. Badala yake nikatoa simu. Nia yangu, wallahi, ilikuwa kuwaonyesha mfano wa nyumba nitakayoijenga Mungu akijalia, ila nikasema, "Mjomba, nyumba yenyewe hii hapa," na kabla sijaongeza neno simu ikawa imeshatoka mkononi, mjomba anaitazama, baba mdogo anachungulia (naye ndiyo kwanza anaiona, akanikodolea macho kama nimeokota madini nikamficha), na bibi yake Mwanahawa, ambaye Kiswahili chake nusu ni Kimwera na macho yake si ya kutegemea, akasogezewa naye aone.

"Ghorofa!" bibi akasema. "Na huyo mwenye kanzu mlangoni?"

"Jirani, bibi." (Ndani ya gemu kuna watu wanazungukazunguka, ningemjibu nini?)

Bibi akapiga kigelegele, wanawake wakaitikia jikoni. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikatabasamu tu kama mwenye nyumba.

Mjomba akawa anapapasa kioo kwa kidole gumba, anataka kuona vyumba, na mimi jasho linanitoka kwa sababu ndani ya gemu jua lilikuwa linazama, na giza likiingia mle yanatoka madude, na sauti nilikuwa nimeiacha juu kabisa tangu gereji.

"Mjomba, naomba simu kidogo..."

"Subiri kijana, naingia sebuleni."

Dude la kijani likaingia naye. Likafoka kama nyoka, halafu puu! Ukuta ukaruka, vioo vikaruka, jirani wa watu akapotea kwenye moshi.

Nyie, bibi alipiga ukunga ambao sijawahi kuusikia hata msibani. "Nyumba ya mkwe imelipuka! Mtu kafa!" Kufumba na kufumbua uani kumejaa majirani, mama mmoja kaja mbio na ndoo ya maji, na kwa kuwa kila mtu alikuwa anainyooshea kidole simu, akaimwagia simu. Pamoja na mjomba. Pamoja na kanzu yake nyeupe.

Maji yanachuruzika kwenye ndevu za mjomba.

"Nyumba iko wapi?" akauliza taratibu.

"Ni... ni ya kwenye simu, mjomba. Mchezo."

"Na kiwanja?"

"Kipo Naipingo."

"Kina nini?"

"Nyasi."

Baba mdogo akavaa viatu bila kuaga. Mjomba akakamua kanzu, akasema nirudi siku ukuta wangu utakapofika kiunoni, na atakuja mwenyewe kuupiga kofi ahakikishe ni tofali. Pilau hatukula.

Mwanahawa alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki, macho mekundu. Nilijua ananiacha. Akasema, "Ungesema tu nyasi. Mimi nyasi ningezikubali." Hilo ndilo lililoniuma kuliko ndoo na kelele zote.

Simu haikuwaka tena, na sikuipeleka kwa fundi. Siku hizi nikitoka gereji nakwenda Naipingo kufyatua matofali, mgongo unaniuma, mengine yanapasuka kabla hayajakauka, na nimeapa mbele ya mama yangu kwamba mtu akiniuliza tena nina nini, nitamtajia kile tu anachoweza kukikanyaga kwa mguu wake. Ukuta umefika magotini. Mjomba, nasikia, anaulizia.