Lifti ya Nyuma

Kwaru-kwaru, kisha kishindo kimoja kizito: ndivyo mlango wa lifti ya nyuma ulivyojifunga, na mlio huo ukamkaa Edilene kichwani. Miezi kumi na minne aliipanda lifti hiyo ya mizigo, mbwa na watumishi, kila Jumanne na Ijumaa, kwenda kwa mpenzi wake Murilo, ghorofa ya tisa, mtaa wa Graça, jijini Salvador, Brazili. Murilo, wakili mweupe, alisema ya mbele inachelewa. Edilene akaamini. Alikuwa mfamasia, mwanamke mweusi aliyechoshwa na wanaume wa programu za uchumba za kwenye simu, waliosifia rangi yake faraghani na kuikana hadharani. Huyu angalau hakutoweka.

Jumapili hiyo, baada ya kuombwa sana, Murilo alikubali kumkutanisha Edilene na mama yake kwenye chakula cha mchana. Edilene alivaa gauni la njano, akabeba keki ya muhogo iliyopikwa na mama yake mwenyewe, akaingia kwa mlango wa mbele.

Bawabu Genival, mzee mweusi mwenye maneno yake, akacheka. "Na Jumapili pia, binti? Huyo tajiri wako hana huruma. Hata punda hupumzika."

"Tajiri gani, baba?"

Mzee akadhani anataniwa. Akamfungulia daftari la wafanyakazi wa ndani. Jina lake lilikuwamo, Edilene Conceição, Jumanne na Ijumaa, usafi, na chini yake sahihi ya Murilo.

Murilo aliposhuka kumpokea aliliona daftari kabla ya kumwona yeye. Akaeleza upesi: mgeni hutangazwa, jengo zima likajua, mfanyakazi hupita tu. Alitaka Edilene asisumbuliwe.

"Na Letícia?" Edilene aliuliza. Huyo alikuwa mchumba wa zamani wa Murilo, mweupe kama yeye. "Naye ulimwandika usafi?"

"Usianze, mpenzi. Mama anasubiri juu."

Genival alikuwa ameinamisha uso, kama aliyeshikwa na kosa la mtu mwingine. Edilene akaiweka keki mezani pake, akamwambia ale na wanawe. Murilo alipomshika kiwiko, Edilene aliutoa mkono wake taratibu, akamwinamia mzee.

"Nifutie jina langu humo, baba," alisema, kwa sauti ndogo sana.