Jina Chini ya Maharagwe

Juzi, pale Kinoo, nilimwona Mwalimu Mutiso akichora kichwa cha ng'ombe kwenye ukuta wa bucha. Harufu ya rangi ilinirudisha kidato cha kwanza.

Alitufundisha sanaa na kusimamia gazeti letu la ukutani. "Kila kazi iwe na jina," alizoea kutuambia. Basi nilichora maharagwe tuliyolishwa shuleni, pamoja na wadudu wake wote, na chini nikaandika kwa herufi kubwa: Mwalimu Mutiso. Nilidhani nampa heshima.

Mwalimu mkuu aliibandua picha, akamwita ofisini. Alasiri Mutiso alitoka na katoni ya brashi.

"Mwalimu, unaenda tao kununua rangi?"

"Ee, rangi. Nisaidie kubeba mpaka kwa geti."

Niliibeba nikipiga mluzi. Kumbe alikuwa amefutwa kazi, na hakusema mchoraji ni mimi. Nilipokuja kujua, mimi pia sikusema.

Pale Kinoo sikumsalimia. Nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka akamaliza, akaosha brashi, akaenda. Ndipo nikavuka kutazama. Ng'ombe alikuwa mzuri kweli. Chini yake hakukuwa na jina.