Wote Walisema Wamefurahi

Shahada yangu ya kwanza niliipata kwa kusukumwasukumwa. Nilirudi nayo Tabora, nyumbani kwetu Kanyenye, na baba, bila kuinuka kwenye cherehani yake, akauliza sasa nitafanya nini. Nikamweleza kwamba njia ni mbili. Niombe uzamili, ambao kwa alama zile hakuna atakayenipokea, au nirudi mwaka wa kwanza kusoma shahada nyingine, nikae darasani na vijana niliowaacha sekondari wakivaa kaptula. Baba akaendelea kushona.

Kumbe wa kunipokea alikuwepo. Mkuu wa idara yetu aliniita Dar es Salaam, akasema atanichukua uzamili na alama zangu hizohizo za aibu, mradi nimletee utafiti wa vijiji vipya vya ujamaa upande wetu, unaoonyesha kwamba watu wamehamia kwa furaha. Hakuona haya hata kidogo. Matokeo alinipa kwanza, utafiti ndio nikaufanye. Nilichukia, lakini nilikwenda. Uzamili niliutaka mno.

Nilifika kijiji kimoja upande wa Usinge. Walinipokea kwa ngoma, wamepangwa juani tangu asubuhi, kwa sababu kwao kila aliyekuja na kalamu alikuwa ametumwa na serikali. Mwenyekiti wa kijiji akasimama nyuma yangu. Nikiuliza jina, najibiwa, "Tumefurahi." Nikiuliza habari za mvua, wamefurahi. Mtoto yuko mgongoni anakohoa mpaka macho yanamtoka, mama yake amefurahi. Sijui nani alinitia kinyaa zaidi, mwenyekiti aliyeitikia kwa kichwa kila jibu, au mimi niliyekuwa nikiandika.

Nilipokuwa naondoka, bibi mmoja alinifuata hadi kwenye baiskeli. Nikamwamkia, akaitikia marahaba harakaharaka huku akitazama nyuma. Akaniambia kwamba mizinga yake ya nyuki imebaki msituni kule walikotolewa, mwendo wa kutwa nzima. Marehemu mumewe ndiye aliyeichonga. Sasa haruhusiwi kwenda kuitazama.

"Mwanangu, nimejibu vizuri?" aliuliza. "Kama nimejibu vizuri, watanirudisha kwenye mizinga yangu?"

Nikamwambia amejibu vizuri. Kisha nikapanda baiskeli.

Nilipofika kwa mkuu wa idara nilimkabidhi majibu, kisha nikamweleza yote, ya mwenyekiti na ya mizinga. Alinisikiliza huku akifyonza chungwa.

"Lakini si wamesema wenyewe?" akauliza. "Kuna aliyewashikia fimbo mbele yako?"

Nikamwambia uzamili wake abaki nao, mimi nakwenda kuanza mwaka wa kwanza wa sheria. Akacheka, maji ya chungwa yakamchuruzika kidevuni, akasema mwenye alama kama zangu hana haki ya kuchagua. Majibu yale hakunirudishia.

Nikaanza upya. Vijana wa darasani waliniita mzee, na walikuwa na haki. Nikiwa mwaka wa pili, utafiti ule ukatoka kwa jina la mwanafunzi mwingine, aliyepewa nafasi niliyoikataa. Niliusoma maktabani nimesimama. Mizinga haikutajwa popote. Yule bibi yumo, miongoni mwa waliofurahi.