Ndama Mwenye Nundu

Ninamshukuru Mungu aliyeumba kila mnyama kwa aina yake, akamruhusu mwanadamu kuongoza uzazi wa mifugo.

Miaka ya sitini ilipokuwa ikiisha, hapa Manga, nilibadilisha ng'ombe wawili wa kienyeji, walioletwa kwa mahari ya dada yetu, nikapata mtamba mmoja wa nusu gredi, yaani aliyechanganywa damu na ng'ombe wa kizungu wa maziwa. Nilitaka ndama wake awe na damu nyingi zaidi ya gredi, ili wanangu wasikose maziwa. Daktari wa mifugo alikuwa akipita asubuhi na gari, akiwapandisha ng'ombe kwa sindano ya mbegu kwenye kizimba cha mbao kando ya barabara.

Mtamba wangu alipata joto siku ya Sabato. Sikuweza kumpeleka, kwa kuwa kanisa letu hukataza kazi siku hiyo. Nilimtuma mdogo wangu, ambaye hakuwa mtu wa kanisa.

Jioni akaniambia, "Tayari, kaka. Mbegu ya dume jeusi lenye mabaka meupe."

Miezi tisa nilishukuru. Hata kanisani nilisimama nikatoa ushuhuda.

Ndama alipozaliwa, mke wangu aliniita zizini. "Baba watoto, njoo uguse hapa."

Juu ya mabega palikuwa na nundu, kubwa kama ngumi ya mtoto. Ng'ombe wa gredi hana nundu.

Jirani yetu mwenye fahali wa kienyeji alichungulia uani, akacheka mpaka akashika mti wa ua. "Mbona hamkuniita? Huyu si mjukuu wangu?"

Mdogo wangu hakukana. Sabato ile alikaa kwenye pombe ya wimbi mpaka gari likapita, kisha akampeleka mtamba kwa fahali wa jirani.

"Miezi tisa ulinitazama nikiomba," nikamwambia.

"Sabato uliitunza wewe, kaka. Ng'ombe ukaniachia mimi."

Sikumsemesha kwa misimu mingi ya mahindi. Ndama alikua, akazaa, akatoa maziwa ya kikombe kimoja kwa siku. Mama yake alipokauka maziwa, wanangu walikunywa chai ya rangi.

Sabato moja ya Meza ya Bwana, tulipoambiwa tuoshane miguu kabla ya kushiriki mkate, nilishindwa kuvua viatu, maana nilikuwa bado nimemnunia mdogo wangu. Nilitoka, nikamkuta mdogo wangu akipalilia migomba. Nilimwomba anisamehe kwa kumtwika kazi niliyoihesabu kuwa dhambi kwangu. Alisema, "Sawa, kaka," akaendelea kulima. Yeye hakuniomba msamaha, na mpaka leo hajaniomba. Nilirudi kanisani nikavua viatu.

Wewe usomaye, Bwana akujalie ndugu wakweli. Na mmoja wao akikudanganya, Bwana akupe nguvu ya kuendelea kumwita ndugu. Amina.