Anwani Iliyokuwa Ikihama

Nilipohamishiwa Garissa kufundisha, nilipanga nyumba kwenye kiwanja cha mzee mmoja Msomali aliyechunga ngamia mpaka magoti yakamkatalia. Alasiri, baada ya swala, alikuja kuketi barazani kwangu na kunisimulia ya malishoni.

Binti yake alifundisha shule ya msingi huko Bute. Siku moja alinipigia simu. "Mwalimu, mrekodi baba, Aabo wangu, kwa Kisomali chake. Watoto wangu wa darasani hawajasikia hadithi kama hizo."

Nikamrekodi. Rekodi zilikuwa ndefu kupita uwezo wa simu ya binti, basi tukakubaliana zikae kwenye kompyuta yangu, naye azifungue kutoka shuleni kwa mtandao. Shida ikawa anwani, ile nambari ya kuifikia kompyuta mtandaoni. Kila umeme ulipokatika na kurudi, kampuni ya intaneti ilinipa nambari nyingine. Nilikuwa nikimsomea binti nambari mpya kwenye simu, na kabla hajaingia darasani, imeshabadilika.

"Kombyuta yako inahama kuliko sisi," mzee alinitania.

Siku hizo alikuwa amefika katikati ya hadithi ya ngamia jike aliyetoroka wakati wa ukame na msichana aliyemfuata nyayo hadi kwenye kisima kilichoachwa. Hapo akanyamaza.

"Endelea, mzee."

"Hapana. Kwanza hii watoto wasikie. Wakiuliza, nitamaliza."

Nilimbembeleza, akakataa. Hadithi, alisema, haimaliziwi watu ambao hawajaianza.

Nikatafuta huduma ya kuipa kompyuta jina la kudumu, ili nambari ikibadilika, jina libaki lilelile. Jina la kwanza lilikataliwa kwa sababu niliacha nafasi kati ya maneno. La pili nikaunganisha kwa mstari wa chini, likakataliwa pia. Kumbe wanataka herufi, tarakimu na kistari tu. Lilipokubaliwa, programu ya kupeleka nambari mpya ikawa haijiwashi umeme ukirudi. Niliihangaikia wiki baada ya wiki, mzee akiuliza kila alasiri, "Wamesikia?"

Kisha akapooza upande mmoja. Alirudi kutoka hospitali akitambua kila mtu, lakini ulimi haukumtii.

Mwezi huohuo programu ikaanza kujiwasha, jina likashika. Binti akapiga simu akiwa darasani, watoto wamekwisha kusikiliza rekodi, nikaiweka sauti ya juu karibu na mto wa mzee. Tulisikia watoto wakicheka, halafu mmoja akamwita babu kwa Kisomali, akauliza, "Awowe, msichana alimpata ngamia wake?"

Mzee aliinua mkono wake mzima. Midomo ilicheza. Ikatoka sauti moja, ya kukwaruza, isiyo neno.

"Aabo?" binti aliita. "Aabo, umewasikia?"

Nikamwambia amewasikia.

Baadaye, mzee asipopata tena usemi, binti aliniuliza kama babake aliwahi kunidokezea mwisho. Hakuwahi. Laiti ningembembeleza siku moja zaidi, pengine angelegeza msimamo. Jina lile bado linafunguka, na kila mwaka darasa jipya huko Bute husikiliza mpaka pale kisimani, kisha hubaki likingoja.