Jezi ya Kihara

Msimu mzima Fidel alichezea timu ya chuo kimoja huko Loresho, na hakuwa mwanafunzi. Kazi yake ilikuwa kubeba saruji River Road. Kwenye karatasi za ligi aliandikwa Kihara, jina la mwanafunzi wa kweli asiyejua mpira. Kocha alimwahidi, "Tukichukua kombe, Januari unaingia darasa la umeme. Karo italipwa na chuo."

Fidel alifunga mabao kumi na saba. Kwenye fainali wapinzani walimpasua nyusi kwa kiwiko, lakini akafunga la ushindi.

Mkuu wa chuo akatangaza kwamba mfungaji bora, Kihara, atasomeshwa bure mpaka amalize. Kocha akamvuta Fidel nyuma ya choo.

"Vua jezi haraka, mwenyewe apigwe picha."

"Na umeme, kocha?"

"Umeme gani? Si umesikia ni Kihara amepewa?"

Kihara, aliyekuwa akingoja hapo na wachezaji wengine, akaivaa ikiwa bado na jasho. "Ai, buda, unanuka saruji!"

Timu nzima ikacheka, hata wale ambao Fidel aliwapa pasi. Mlinzi akamwona Fidel kifua wazi.

"Wewe, nani alikuruhusu kuingia hapa?"

Fidel aliwaangalia wenzake. Wakageuka kwenda kupigwa picha na Kihara.