Nondo Watatu wa Bafu la Shantilal

Ninachokuandikia hapa hutakiamini, na wala sikulaumu. Hata mimi niliyekuwepo, au tuseme niliyekuwa karibu, kuna siku nakitilia shaka. Ni habari ya shemeji yangu Aikande, mke wa Bariki wa kule Poli, kwenye mteremko wa Meru, na jinsi alivyowatambua wadudu wa bafuni ambao mimi, fundi mwashi niliyefika darasa la nne, niliwatambua vibaya mbele ya watu.

Aikande ni mdogo wa mke wangu. Ni mwembamba, anatembea upesi, na mfukoni hakosi kipande cha waya. Waya ule ni wa tangu utoto. Shambani kwa baba yao kazi yake ilikuwa kukagua miti ya kahawa: akiona unga wa mbao chini ya shina anajua ndani mna funza, anaingiza waya kwenye tundu na kumtoa. Wenzake walikuwa wakimponda funza papo hapo. Yeye kwanza anamgeuzageuza. Atazame kichwa, atazame mkia, ajue anakula nini. Siku za sikukuu ndiye aliyekosha matumbo ya mbuzi mtoni, kwa hiyo na minyoo ya tumboni anaijua sura. Sisi tulimcheka. Nilikuwa namuuliza kama siku moja ataolewa na funza, na Bariki wa watu alipokuja kuposa nikamwambia ajiandae kukaguliwa mkia.

Mwaka ule wa Malkia kuvishwa taji, mji ulipojaa vibendera, Aikande alikuwa akifanya kazi ya kufua na kusafisha nyumbani kwa Bwana Shantilal, nyuma ya duka lake la nguo. Kila Jumatatu alishuka kutoka mlimani, akalala kwetu Ngarenaro, na Jumamosi akarudi kwa mumewe. Kazi hiyo nilimtafutia mimi, maana nyumba ile ni kama yangu: bafu lake jipya nililijenga kwa mikono hii. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka ukijitazama unajiona. Nilitangaza mji mzima kwamba hata Bwana Mkubwa wa Wilaya haogi penye sakafu kama ile.

Basi bafu lilipotimiza miezi sita wakatokea wadudu.

Lazima ujue desturi ya nyumba ile. Mke wa Shantilal, Rekha, ndiye aliyeoga wa kwanza alfajiri, kwa sababu mkwe haingii jikoni kuwasha jiko kabla hajaoga. Akitoka yeye anaingia mama yake Shantilal, ambaye sote tulimwita Bibi. Asubuhi moja Bibi akakuta sakafuni vijidudu vya kijivu, virefu kama punje ya mchele, vinajinyonganyonga. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Bibi akajiuliza ni nani aliyeoga kabla yake, na jibu lilikuwa moja tu kila siku.

Niliitwa, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa napiga lipu uani. Niliingia mikono nyuma kama Bwana Afya, nikatazama nikiwa nimesimama wima, nikasema bila kumeza mate kwamba hawa ni minyoo ya tumbo. Nilikuwa nimeiona picha yake ukutani zahanati. Kweli kwenye picha minyoo ilikuwa mirefu kama kamba ya kiatu, lakini nilieleza kwamba hawa ni watoto wao.

Neno langu hilo lilimponza Rekha. Jikoni akakatazwa, sahani yake ikatengwa. Jumapili akanyweshwa dawa ya minyoo juu ya mafuta ya mbarika, tumbo tupu. Jumatatu wadudu wakawepo kama kawaida. Jumapili ya pili akanyweshwa tena, na mara hii akawa anatembea kwa kushika ukuta. Bibi hakuwa mtu mbaya. Dawa alikuwa akiinunua mwenyewe na usiku hakulala kwa kumwonea huruma, ila aliamini kwamba minyoo ikiachwa itammaliza. Akaagiza chupa ya tatu kutoka Moshi, kali kuliko zote, ya Jumapili inayofuata.

Aikande ndiye aliyekuwa akimshika Rekha mkono kwenda chooni. Aliporudi kwetu jioni alimwambia dada yake kwamba chupa ya tatu yule binti hataiweza. Alisema hivyo akinitazama mimi, nami nikajifanya nashughulika na kiatu.

Jumanne akaniita bafuni kwa Shantilal. Alikuwa amechuchumaa, mdudu mmoja kamweka kwenye kisosi chenye maji.

"Shemeji, ulimtazama kichwa?"

Nikamjibu kwamba mnyoo hana kichwa.

"Huyu anacho, cheusi. Sasa tazama mkia."

Niliinama. Mdudu alikuwa ananing'inia kichwa chini, na mkiani ana kijibomba chembamba kilichogusa uso wa maji.

"Anavuta hewa," akasema. "Anayekaa tumboni mwa mtu, hewa anaitakia nini?"

Nikamjibu labda anajifunza tu. Akatoa waya wake, akaupeleka kwenye tundu la kutolea maji, akauzungusha, akauvuta. Ulipanda na utelezi mweusi kama ugoro uliolowa, na humo ndani wadudu walikuwa wanatembea kwa raha kama ng'ombe malishoni. Katikati ya utelezi pakawa na uzi. Uzi wa mgomba.

Hapa niseme kweli, maana hii ni habari ya shukrani. Nilipokuwa namwaga ile sakafu, kipande cha bomba cha kupita chini ya ukuta kilipungua. Nikafanya tunavyofanya mlimani: nikalaza kipande cha shina la mgomba, nikamwagia saruji juu, ili ikishika nilivute shina na tundu libaki. Shina likakatikia ndani. Nikajiambia maji yatalisukuma. Hayakulisukuma. Lilikaa humo likioza, na wadudu wakapata karamu isiyoisha. Kila alfajiri mtu wa kwanza kuoga akimwaga maji, waliokuwa ukingoni mwa tundu walipanda juu ya sakafu.

Aikande ni mtoto wa migombani, hakuhitaji kuambiwa uzi ule ni wa nini. Aliuviringisha kidoleni, akanitazama, akautupa.

Alijua pia kwamba Bibi hataacha neno la fundi afuate la mfuaji. Akatafuta chupa ya jamu, akatia utelezi ule na wadudu, akafunga mdomo kwa kitambaa cha melikani, akaificha nyuma ya gunia la mkaa. Kisha akamwamkia Bibi na kumwomba asubiri kidogo na ile dawa, kuna kitu atamwonyesha. Bibi akasema Jumapili ni Jumapili.

Alhamisi wadudu waliganda, hawatikisiki. Aikande alidhani amewaua, na pamoja nao nafasi ya Rekha. Ijumaa vilevile. Jumamosi ilikuwa siku yake ya kupanda mlimani, lakini hakupanda. Mwanamke yule hajawahi kukosa ibada tangu abarikiwe, hata mwaka wa mafuriko, ila Jumapili hiyo Bariki aliimba peke yake.

Yaliyotokea asubuhi hiyo ya Jumapili nayaandika kama Rekha alivyonisimulia. Mimi sikuwepo chumbani, kwa sababu nitakazozieleza karatasi ikitosha. Rekha alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho amefumba. Bibi ana kijiko mkono mmoja, chupa mkono wa pili. Aikande akaingia na chupa ya jamu, akaiweka mezani. Ndani, chini ya kitambaa, walikuwa wametua nondo watatu wadogo, wa kijivu, wenye manyoya, mabawa yameinama kama paa, na kwenye utelezi yamebaki maganda matupu ya wale walioganda.

Bibi aliwajua. Ndio wale aliokuwa akiwapiga kwa ndara ukutani bafuni kila siku.

"Mnyoo wa tumboni haoti mabawa, Bibi," Aikande akasema.

Bibi akaweka kijiko chini. Halafu akafunika dawa, akamshika Rekha kidevu.

"Nenda jikoni, mwanangu. Wiki ya tatu hii sijanywa chai ya mkono wako."

Chai ilichelewa, maana Rekha alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta. Kikombe cha kwanza Rekha alimpa Aikande, na hakikuwa kile cha bati wanachonywea wafanyakazi uani. Kilikuwa kikombe cha nyumbani, chenye maua.

Shantilal akataka kujua wadudu wanatoka wapi. Shemeji yangu angeweza kunimaliza kwa neno moja. Akasema chini ya sakafu kuna uchafu umenasa, na kwamba fundi ni mtu mwema, atautoa. Jumatatu alfajiri nilikuwa pale na bomba la kweli. Nikavunja, nikatoa uozo, nikasugua kwa brashi na maji ya moto, nikawafundisha kulisugua tundu kila wiki. Tangu hapo hakuonekana hata mmoja.

Miaka sita imepita. Rekha ana watoto wawili, na kila sikukuu yao ya Diwali sanduku la vitamutamu linapanda Poli kwa jina la Aikande. Mimi sina sanduku. Nina karatasi hii tu, na magoti ambayo sasa nayapiga chini kabla sijasema kitu ni kitu gani. Asante, shemeji. Kwa Rekha na kwa ule uzi.

Naandika barazani kwake, nikisoma kwa sauti kila mstari kama tulivyofundishwa, naye nyuma yangu anamenya ndizi. Lakini jambo lenyewe la kutoaminika bado hujalisikia. Jumapili ile chupa ya jamu ilipofunguliwa, walitoka nondo mia tatu, wakaziba dirisha hata Shantilal akawasha taa mchana, na mimi niliyekuwa nimesimama pale mlangoni nikaruka, nikamnyang'anya Bibi ile dawa, nika—

"Watatu, shemeji," Aikande anasema, macho hajayainua kwenye ndizi zake. "Na wewe siku hiyo ulikuwa kanisani, umejibanza nyuma ya nguzo."